Kufungiwa Kamari kwa Jina la Binti Yangu

Msichana wa kampuni ya kamari aliniuliza nilizaliwa mwaka gani, nikamtajia mwaka wa binti yangu. Huo siwezi kuukosea. Nilimzaa mwenyewe, sakafuni, mvua imekataa na ng'ombe wamebaki mbavu.

"Asante. Na majina kamili?"

Nikamtajia ya binti yangu, yote matatu.

"Samahani, lakini sauti yako..."

"Nina homa."

"Pole sana. Sasa, ili tukufungie usicheze tena, utashika kitambulisho karibu na uso, ujipige picha, ututumie. Siku hizi ni sheria. Uso na kitambulisho lazima vilingane."

Nikakata simu. Nikakaa kwenye kigoda nikiangalia kuku wanavyochakura. Mimi nimepita sabini. Binti yangu ana arubaini na kidogo. Hakuna homa ya kuficha tofauti hiyo.

Nieleze nilivyofika hapo, kwa sababu watu wa hapa kwetu Marungu wakisoma haya watasema ni uongo. Mimi ndiye nilikuwa adui wa kamari. Mkwe wangu, mume wa huyo binti, alikuwa akibeti mpira. Wakati huo walipanga chumba Voi. Alibeti mshahara, akabeti na karo ya mtoto. Niliposikia sikungoja kuitwa. Nilivaa kanga yangu ya kanisani, nikaenda, nikazoa nguo zake nikazitupa nje, majirani wakiangalia.

"Mwanamume anayelisha kampuni akaacha watoto wake," nilimwambia, "aende akalale huko kwa kampuni!"

Binti yangu alisimama mlangoni, hakusema neno. Nilidhani kunyamaza ni kukubali. Mkwe akaokota nguo zake moja moja, akazikung'uta vumbi, akarudi kwao Njukini, upande wa Taveta. Mimi nikatoa ushuhuda kanisani. Nilipigiwa makofi, na nilifurahi kupigiwa makofi, sitaficha.

Binti akahamia Mombasa na watoto, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Kisha ikaja corona.

Wengine walioandika habari za corona wameandika wagonjwa. Kwangu hakuna aliyeugua. Kwangu kulinyamaza tu. Mombasa ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kanisa likafungwa. Kundi letu la akina mama la Jumatano likafungwa. Rafiki yangu wa tangu usichana akafa kwa sukari, wakazika watu wa kuhesabika, mimi nikaambiwa nikae nyumbani kwa sababu ya umri. Nilisimama kwenye ua wangu nikaangalia upande wa kwao, basi. Hayo ndiyo mazishi niliyofanya.

Binti aliogopa nitakufa na upweke kabla ya corona kunifikia. Akanitumia simu ya tachi kwa dereva wa lori, ili tuonane uso. Laini ilikuwa ndani tayari, imesajiliwa kwa jina lake. Kitambulisho changu kilikuwa kimefutika, picha imebaki kivuli, na kwetu kusajiliana laini ni kama kuazimana chumvi. Nani angefikiria ni kosa? Nusu ya wazee wa hapa wanaongea kwa majina ya watoto wao.

Tulionana uso Jumapili. Siku nyingine sita simu ilikaa kimya, mpaka zikaanza zile jumbe. "Habari za asubuhi, mteja wetu mpendwa." Sijui walitoa wapi namba. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini kusoma najua, na nilisoma kila moja. Asubuhi wananisalimu, mchana wananikumbusha, jioni wananitakia jioni njema. Mwanangu wa kwanza, yuko Nairobi, hakuwa ananisalimu mara tatu kwa mwezi.

Siku moja nikafuata pale waliposema nibonyeze. Hawakuuliza kitambulisho. Hawakuuliza umri. Namba ya simu, neno la siri, karibu. Mpira ulikuwa umesimama dunia nzima, kwa hivyo walikuwa na ndege. Ndege ndogo inapaa kwenye kioo, pesa yako inaongezeka inavyopaa, na unatakiwa uitoe kabla ndege haijapotea. Ikipotea na pesa yako ndani, imekwenda. Hiyo tu. Mtoto wa miaka minne anaelewa, na mtoto wa miaka minne angechoka. Mimi sikuchoka, na nitasema kwa nini.

Pembeni ya ndege kulikuwa na mahali pa kuandikiana. Watu wanapita pale mbio, wanacheka, wanalaani, wanaulizana umetoa lini. Mara ya kwanza niliandika kama ninavyoingia nyumba yoyote: "Bwana asifiwe."

Mtu akajibu, "Amen! Shosh toa mapema!"

Mwingine, "Nani ameleta nyanya yake huku? Hahaha."

Mwingine, "Shosh tuombee ipae."

Nikawaombea. Nacheka sasa, lakini niliwaombea kweli, nimefumba macho, na ndege ikapaa sana siku hiyo, wakaniita nabii. Kesho yake nilipoingia wakauliza shosh ameamka salama. Mwambie mtu anayelala peke yake miezi minne kwamba hawa si watu. Waliniuliza kama nimeamka salama!

Hivyo ndivyo mbuzi walivyoisha. Niliuza mmoja, nikauza wa pili. Jirani yangu, mzee mwenye jicho la kuhesabu mifugo ya wenzake, akauliza wako wapi. Nikamwambia fisi. Huku kwetu karibu na mbuga hilo ni jibu la kawaida, linapokelewa bila swali. Nilisahau kwamba yeye ujana wake wote alikuwa mfuata nyayo. Akaja na fimbo, akazunguka boma langu akiwa ameinama, mara mbili.

"Mama," akasema, "huyu fisi wako ana adabu."

"Kwa nini?"

"Hakumwaga damu. Amefungua kilango, amepita, amefunga na kamba. Tena amefunga kwa fundo lako."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo akinisalimia huuliza, "Fisi hajambo?"

Corona ikapita. Kanisa likafunguliwa, kundi la Jumatano likarudi, na nilirudi nalo. Lakini niliomba nikiwa na simu kwenye mkoba, na mkoba ukitetemeka moyo wangu unaruka. Utaniambia, si ungetupa laini? Niliitoa nikaifukia kwenye pipa la mahindi. Siku ya tatu nilikuwa kwenye pipa mpaka kwapani, mwanamke mzima, nachuja punje kama kuku.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha redioni wakaanza kusema serikali imegutuka. Watu wengi waliingia kwenye kamari za simu wakati wa kufungiwa kwa corona, wakasema, na wengi hawakutoka. Sasa sheria imekazwa. Matangazo yamepunguzwa. Kampuni lazima ijue kila mchezaji ni nani kwa kitambulisho chake. Na mtu akiomba afungiwe, kampuni imfungie, na isimtumie ujumbe tena hata mmoja. Nilizima redio nikakaa. Sheria nzuri. Ilikuja zizi langu limebaki na harufu.

Ndiyo nikapiga simu, nikaulizwa mwaka wa kuzaliwa.

Kwa hivyo mambo yalikuwa mawili. Niache mlango wazi nicheze mpaka niuze shamba, kwa sababu shamba ndilo lililobaki na nilishaanza kulitazama vile nilivyowatazama mbuzi. Au nimwite binti yangu aje na uso wake na kitambulisho chake, ajue. Binti ambaye nilimtupia mume nje. Nilikaa na hilo wiki tatu. Nililiogopa kuliko corona.

Nilimpigia Jumapili. Sikumwonyesha uso, nilielekeza simu kwenye ukuta.

"Mama, mbona naona ukuta?"

"Angalia ukuta tu. Nina neno."

Nikamwambia lote, ndege, mbuzi, laini. Nikasikia akifunga mlango upande wake, watoto wasisikie.

"Kwa jina langu," akasema.

"Kwa jina lako."

"Nakuja Jumamosi."

Aliteremka kituo cha Maungu, kwenye barabara kuu, mchana wa jua kali, akatembea kuja kwangu, hakuleta watoto. Nilikuwa nimechinja kuku. Hakumgusa. Alikaa kwenye ua, akatoa kitambulisho, akakishika karibu na shavu, akajipiga picha hajatabasamu. Akaongea na watu wa kampuni Kiingereza kidogo, Kiswahili kidogo. Kwa sheria, aliyekiri kwamba kamari imemshinda ni yeye. Aliyefungiwa ni yeye. Nilimsikia mwanangu, ambaye hajawahi kucheza hata bahati nasibu ya kanisani, akisema kwenye simu, "Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nimeshindwa kujizuia." Kila neno lilinichoma kama mwiba.

Simu ikaandika kwamba akaunti imefungwa. Akaniwekea simu mapajani.

Kwetu Taita mtu akiwa na kinyongo moyoni, hasa mzazi, anachukua maji mdomoni, anayatema, anasema maneno ya kuupoza moyo wake, ili yule aliyemkasirikia asidhurike. Tunaita kutasa. Kanisani wengine wanasema ni ya kizamani, lakini wanaitenda jikoni. Mimi nimewatemea watoto wangu wote. Siku hiyo nilimletea binti yangu kikombe cha maji, nikakishika kwa mikono miwili, kwa sababu mwenye kinyongo alikuwa yeye.

Alikitazama kile kikombe.

"Mama, siwezi kutema kitu ambacho bado kiko."

"Basi sema."

"Ulimtupa baba wa watoto wangu nje mbele ya watu. Hukuniuliza. Ulimwambia akalale kwa kampuni. Na wewe mbuzi walipoisha ukamwambia mzee jirani ni fisi." Akainuka. "Mimi usiniombe msamaha. Nenda umwambie yeye."

Akaondoka na basi la alasiri. Kuku nilimla siku tatu, peke yangu, na mwisho nikampa mbwa.

Njukini si karibu. Nilitoka mapema, nikafika Taveta, nikauliza njia kwa mwanamke wa maharage sokoni. Mkwe nilimkuta shambani, kati ya mahindi, amekonda, kichwa kimeanza mvi. Aliponiona aliweka jembe chini na kuangalia pembeni, maana mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hata kama mama mkwe alimtupia suruali barabarani.

"Karibu, Mama."

"Nimekuja kukuambia mimi pia nilicheza."

Akapangusa udongo mikononi. Kisha, bado akitazama mahindi, akauliza, "Mpira?"

"Ndege."

"Aa." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa anaoujua. "Ndege ni mbaya. Mpira angalau unangoja dakika tisini."

Nikamwambia nilikosea kumtupa nje mbele ya watu. Nilisema kwa sauti, na dada yake aliyekuwa akipalilia mstari wa pili akasikia, na nilitaka asikie. Majirani wake wa Voi hawakuwepo. Siku nyingine nitawafuata Voi niwaambie na wao, wale ambao bado wapo.

Akaniletea kiti. Nimelelewa kwamba mama mkwe hali kwa mkwe wake hivi hivi tu, bila kukaribishwa kwa heshima zake. Lakini nilikuwa na njaa na nilikuwa nimeshavunja makubwa zaidi. Tukala ugali na maharage, yeye amenipa ubavu, mimi nimempa ubavu.

"Umejifungia?" akauliza.

"Nimefungiwa. Na wewe?"

Alikoroga mchuzi muda mrefu.

"Mimi bado, Mama."

Maneno yote niliyonayo yalikuja mdomoni, yale ya Voi na mengine mapya. Ninayo mengi na ni makali. Niliyameza pamoja na maharage. Badala yake nikamuuliza kama huwa anaandika pale pembeni, akasema zamani, na kwamba aliona mara moja mtu akiandika Bwana asifiwe, akadhani ni mzaha. Sikumwambia ni nani. Tulikaa mpaka gari likaja, hatuongei sana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kukaa na mtu ambaye hakuna aibu niliyohitaji kumficha, na ni yule niliyemfukuza.

Nilipofika Voi nilimpigia binti yangu kutoka stendi.

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Alinipa kiti. Bado anacheza."

Nyuma yake nilisikia mashine za kufulia zinanguruma. Nilingoja. Sasa simu yangu haina salamu za mtu mwingine yeyote, asubuhi wala jioni, kwa hivyo kungoja nimejifunza.

"Umekula?" akauliza.

"Kwake. Ugali na maharage."

"Kwake," akasema. Halafu akasema zamu yake haijaisha, akakata.