Saa ya Shangazi Yunisi

Tusekile, binti wa mzee Isaka wa Hasamba, alikuwa mrefu mno. Kwenye kwaya walimsimamisha mstari wa nyuma kabisa, na bado ndiye aliyeonekana wa kwanza. Watoto walimwita mlingoti. Wanawake walinong'ona kwamba mume wa kumtosha itabidi atafutwe mbali. Baba yake hakunong'ona. Alichomoa pete ya chuma kwenye pipa kuukuu la kuloweka kahawa, akaipigilia juu ya nguzo ya mkaratusi kando ya sakafu ya kuanikia, akasema, "Haya, rusha." Kila kahawa ilipokwisha kuanuliwa, binti alirusha mpira mpaka giza likaificha pete.

Mpira huo wa kikapu ndio uliomfanya nahodha wa shule, na sasa ndio pekee uliobaki kumvusha. Maana matokeo yake ya kidato cha sita, tusidanganyane, yalikuwa ya kujikongoja. Mkopo wa chuo asingepata, na kahawa ya mzee Isaka ilikuwa na wadogo zake Tusekile wa kusomesha. Ndipo ikaja habari kwamba kocha Kasiani, wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, anakuja Tunduma kuchagua msichana mmoja, mmoja tu, asome bure na kuichezea timu ya chuo. Kichwani Tusekile alishafika mbali: chuo, timu ya taifa, kisha ligi za nje. Akikosa, anarudi kwenye mibuni. Jumapili mzee Isaka alisimama kanisani kuomba binti yake aombewe, akasema "safari yake ya Dar" kana kwamba tiketi iko mfukoni.

Majaribio yalikuwa saa tatu asubuhi. Ili asichelewe, Tusekile alikwenda Tunduma kulala kwa shangazi yake, Yunisi. Shangazi huyu alivuka mpaka kila siku kuuza mchele Nakonde, na alikuwa amewazoea Wazambia mpaka hata kuku wake aliwasalimia kwa Kibemba, "mulishani". Asubuhi aliondoka mapema, akaacha chai na viazi mezani.

"Kawachape, mwanangu," alisema mlangoni. "Nikirudi nitakuta mwanachuo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja. Tusekile alioga bila haraka. Akanyoosha viungo uani, akakaza kamba za raba, akasali. Muda bado ulikuwepo, akasali tena. Alitoka saa mbili na nusu, roho nyeupe.

Karibu na uwanja, redio ya kinyozi ikatangaza: "Ni saa nne kamili. Ifuatayo ni taarifa ya habari."

Kwanza alicheka. Kisha akaikumbuka saa ya ukutani. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtoto wa Tunduma hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Shangazi, ambaye wateja wake wote wako ng'ambo, aliiweka saa yake kwa majira ya ng'ambo tangu zamani, na kwake lilikuwa jambo la kawaida mno hata asikumbuke kumwambia mgeni. Tusekile naye alifundishwa majira shuleni, lakini nani huitazama saa ya ukutani akiwaza jiografia?

Alikimbia. Uwanjani wasichana walikuwa wanahema, na Faith, mwenzake wa timu ya shule, ambaye mazoezini hakuwahi kumpita hata siku moja, alikuwa anapigiwa makofi.

"Shikamoo kocha. Naitwa Tusekile. Saa ya nyumbani ilikuwa ya Zambia, kocha."

Wasichana wakaangua kicheko. Kocha Kasiani hakucheka.

"Ya Zambia," alisema. "Nimesikia visingizio vingi, hicho kipya."

"Ni kweli, kocha," Mwalimu Ombeni wa michezo akaingilia. "Huku mpakani yanatokea. Na huyu ndiye bora niliye naye."

"Mwalimu, wenzake wamefikaje? Chuoni mazoezi ni alfajiri. Wa kuchelewa saa nzima sina kazi naye."

Tusekile alipiga magoti palepale kwenye saruji. Aliomba dakika chache, aliomba kurusha mara moja tu, aliomba huku kamasi zinamtoka na haoni aibu. Kocha aliandika jina la Faith, akakusanya mipira yake garini, akaendelea na safari yake ya Sumbawanga.

Adhuhuri Shangazi Yunisi aliingia na kuku mzima mkononi, wa kusherehekea, akaketi. "Enhe! Wamekuchukua?"

Tusekile aliinuka. Alikwenda ukutani, akaishusha ile saa kwa mkono mmoja, bila kigoda, akamwekea shangazi yake mapajani. Siku nzima urefu wake haukufanya kazi nyingine.

Shangazi aliitazama saa, akamtazama binti. Kuku akamponyoka, akakimbilia uani. "Uwii, Yunisi mimi," alisema. "Uwii, mwanangu, sikukwambia."

Tusekile alitaka kusema si kosa lako, shangazi.

Simu ya shangazi ikaita. Alikuwa mzee Isaka. Alikuwa ameahidi kupiga mchana, akiwa na wazee wa kanisa, ili wasikie wote pamoja. Shangazi alimnyooshea binti simu, binti akairudisha. Ikaita mpaka ikakatika, kisha ikaanza tena.