Shangazi Aliyeaga Mapema

Saa tatu asubuhi, kwenye chumba chembamba cha ghorofa ya tatu, mhadhiri mmoja, mtaalamu wa akili bandia, anafanya kazi ambayo mashine yake ilitengenezwa ili binadamu wasihangaike nayo. Anapiga simu.

“Hujambo kaka?”

Kompyuta mbili zimewaka mezani, na zote amezipa mgongo. Upande wa pili wa simu yuko kinyozi aliyepasuliwa ngiri hivi karibuni. Kinyozi hajambo. Nyumbani je? Wazima wote. Watoto? Wanasoma. Mhadhiri hana haraka, anachorachora viduara kwenye kona ya karatasi.

“Na kazini umesharudi?”

“Nimerudi, dada, nimerudi.” Mhadhiri anachora kiduara kingine. “Ila nikwambie ukweli, nikishanyoa vichwa viwili vitatu nimesimama, pale waliposhona panawaka moto.”

Mhadhiri anaacha kuchora. Anauliza kama pamevimba, kama kuna homa, halafu anamwambia aende kliniki leo hii, asingoje kesho. Akishakata simu anamgeukia mwandishi wa makala haya.

“Umeona ‘ila’ imechelewa vipi kufika? Ndiyo kazi yangu siku hizi. Naingoja ‘ila’.”

Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, binti wa mshona nguo, na anafundisha sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Wanafunzi wamempa jina la Mama Swali, kwa kuwa ukimpelekea jibu anakurudishia swali. Analijua jina hilo na halimuudhi hata kidogo.

Miaka mitatu iliyopita, yeye na wanafunzi wake walianza kutengeneza programu ya kuchati na wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji. Kila asubuhi programu inamwandikia mgonjwa kwenye simu, inamjulia hali, inasoma jibu lake na kulipangia rangi. Kijani, anaendelea vizuri. Njano, aangaliwe. Nyekundu, muuguzi ampigie mara moja.

Wanafunzi waliibatiza Shangazi, maana nani mwingine anayeulizia afya za watu bila kuchoka? Wakabishana wiki nzima kama programu inaweza kumwamkia mtu. Mmoja akadai kwamba kitu kilichozaliwa juzi lazima kimwamkie kila mtu, na hoja ikapita. Basi Shangazi akawa anawapa shikamoo hata vijana wa juzijuzi. Mmoja wao, aliyevunjika mguu kwa pikipiki, alijibu “marahaba mjukuu wangu” mpaka siku aliyotolewa plasta.

Hospitali iliyokubali kumjaribu Shangazi ilikuwa na shida ya kweli. Muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, mwanamke wa maneno machache, anaieleza hivi: “Mgonjwa akitoka mlangoni tunampoteza. Hatuna watu wa kumfuatilia. Tunamwona tena akiletwa yuko hoi.”

Matokeo ya majaribio yalipotoka, idara nzima ilishangilia. Shangazi alikuwa amepatia rangi kwa asilimia tisini na nne. Jarida la kitaaluma likaikubali makala ya utafiti. Hospitali ikapanga kumsambaza kwenye wodi zote. Na mhadhiri, ambaye faili lake la kupandishwa cheo lilikuwa linasubiri makala hiyo tu, akajua safari hii mambo yamenyooka.

Ndipo mama yake mzazi akapasuliwa vijiwe vya nyongo.

Mama, ambaye bado anashona na cherehani yake haijapumzika, aling’ang’ania naye achati na Shangazi. “Mwanangu ameitengeneza, halafu watu baki ndio waifaidi?” alisema. Akaandikishwa. Kila asubuhi Shangazi alimwamkia, mama akaitikia na kujibu, “Sijambo mwanangu, tunashukuru.” Shangazi akafurahi kusikia hivyo, akamtakia apone upesi, akaaga. Kijani.

Mwisho wa juma mhadhiri alitakiwa aende kumwangalia. Alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Akafungua kompyuta, akaiona kijani ya mama yake imejipanga siku baada ya siku, akasema moyoni kwamba mzee hajambo, ataenda wiki ijayo.

Wiki ijayo haikufika. Jirani alimkuta mama anatetemeka kwa homa juu ya kiti cha cherehani, akampeleka hospitali. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha siku nyingi. Muuguzi mkuu ndiye aliyempigia mhadhiri simu, na hakuzunguka: “Njoo. Mama yako amerudi, na hali si nzuri.”

“Nilikimbia na kalamu nyekundu mkononi,” anakumbuka mhadhiri. “Nilifika nayo mpaka kitandani. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa. Nilidhani nimemuua mama yangu kwa rangi ya kijani.”

Mama alisafishwa kidonda, akapewa dawa za mshipa, na siku chache baadaye akaweza kukaa na kuongea. Binti akamwuliza, kwa sauti ambayo anakiri haikuwa ya adabu, kwa nini alikuwa anaiandikia programu kwamba hajambo.

“Sasa mtu akikujulia hali asubuhi asubuhi,” mama akajibu, “unamrushia usaha mlangoni? Ndivyo nilivyokulea?”

Mkuu wa idara kule chuoni, aliyekuja kumpa pole, akatupia methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Mama akamgeukia. “Sikuficha, baba. Nilikuwa nangoja aulize tena. Huyo Shangazi wenu anakuja, anasimama mlangoni, anaaga. Shangazi gani huyo asiyekaa?”

Mkuu wa idara alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Mhadhiri hakucheka. Alikuwa ameshaliona kosa, na alijua ni la nani.

Programu ya namna hii hujifunza kwa mifano. Wanafunzi walikusanya maelfu ya majibu ya wagonjwa, wakaketi kuyapa rangi moja moja ili mashine iige. Kanuni waliyofuata aliitunga mhadhiri mwenyewe, na bado imebandikwa ukutani juu ya meza ya chai: jibu moja, rangi moja. Ilikuwa kanuni safi, rahisi kupimika. Ikalifanya “sijambo” kuwa taarifa ya daktari, wakati kila mtu chumbani mle, yeye mwenyewe akiwemo, anajua kwamba “sijambo” ni kufungua mlango tu. Habari zenyewe zinakuja watu wakishaketi.

Na ile asilimia tisini na nne je? Anatabasamu, lakini si kwa furaha. “Mtihani tulitunga wenyewe, tukafanya wenyewe, tukajisahihishia kwa kanuni ileile. Ungetegemea tufeli?”

Aliiandikia hospitali akiomba Shangazi azimwe siku hiyohiyo. Halafu akaliandikia jarida na kuiondoa makala yake. Mkuu wa idara alimsihi aiache, aongeze tu aya moja ya tahadhari mwishoni, kwani cheo kiko mlangoni na nafasi kama hizo haziji kila mwaka. “Unajichongea mwenyewe,” alimwambia. Mhadhiri anasema alilala na wazo hilo siku mbili, na lilikuwa tamu. Kisha akaiondoa makala.

Tangu hapo anapiga simu. Wagonjwa waliokubali anawajulia hali kwa mdomo wake, bila pupa, huku mazungumzo yakirekodiwa kwa idhini yao. Wanafunzi sasa wanayapa rangi mazungumzo mazima, si jibu mojamoja. Shangazi mpya anaulizia usingizi, anaulizia chakula, anaulizia kazi, anakirudia kidonda, kisha anatulia kabla ya kuaga. Akiona “ila”, anamwacha mtu amalize.

Mchana wa leo kamati ya hospitali inakaa kuamua kama arudi wodini. Ikikataa, wagonjwa wataendelea kwenda nyumbani bila wa kuwauliza, na kazi yote hii itabaki kuwa somo la darasani. Mhadhiri amevaa gauni aliloshonewa na mama yake. Amelipiga pasi mara mbili, na njia nzima anazungumza peke yake.

Mwandishi anabaki kwenye benchi la korido, chini ya feni isiyozunguka. Mlango ukifunguliwa kidogo inasikika sauti ya daktari mmoja akiuliza kwa nini wamwamini sasa, ikiwa mara ya kwanza alikuja na tarakimu nzuri vilevile. Jibu la mhadhiri halisikiki. Mlango unafungwa.

Anapotoka, muuguzi mkuu yuko naye. Uamuzi ni huu: Shangazi amepewa wodi moja, ya upasuaji, kwa miezi mitatu. Kila atakayepewa kijani, muuguzi atampigia simu kuhakikisha. Wodi nyingine, hapana. Wametaka kwanza waone.

“Wamefanya sawa,” anasema muuguzi mkuu. “Hata mimi nimepiga kura hivyohivyo.”

Mhadhiri anakubali kwa kichwa. Wataanza Jumatatu. Miezi hiyo ikipita salama, anataka kuwapelekea Shangazi akina mama waliotoka kujifungua, kwa sababu, anasema, hao ndio mabingwa wa kusema hawajambo. Makala mpya ataiandika, na safari hii kosa lake litakaa ukurasa wa kwanza. Faili la cheo limerudishwa kabatini. Anayasema yote hayo bila kupandisha sauti, mkoba kifuani, kama anayesoma ratiba ya vipindi.

Kwenye ngazi simu yake inaita. Ni mama. Sauti inatoka kubwa, na nyuma yake cherehani inakwenda kasi.

“Habari za huko?”

“Nzuri, mama.”

“Hao wakubwa wamekusikiliza?”

“Wamenisikiliza. Wametupa wodi moja.”

“Alhamdulillahi. Umekula?”

“Nimekula.”

Cherehani inasimama. Mama hakati simu, wala haongei. Watu wawili wanapita na machela tupu, wanateremka, vishindo vya hatua zao vinapotelea chini.

“Na wewe mwenyewe, mwanangu?”

“Mimi sijambo, mama,” anasema mhadhiri. Anaketi kwenye ngazi na gauni lake lililopigwa pasi mara mbili. “Ila nimechoka.”