Wenye Kichuguu

Nilipokuwa mtoto kule Bukima, nyuma ya jiko la bibi palikuwa na kichuguu kilichomzidi urefu baba mdogo Magesa. Mvua zikianza kilitoa kumbikumbi, kisha uyoga, na sisi watoto tuliuchuma kimya kimya, maana humo ndani waliishi wenyewe, vijitu visivyoonekana, na walichukia kelele. Ukipayuka, uyoga haurudi.

Baba mdogo alikitaka kwa matofali. Udongo wa kichuguu hushikana vizuri, naye alikuwa mbioni kuoa.

"Huo ni ushirikina, mama," alisema, jembe begani. Alikuwa katekista, kwake kitu kisichoandikwa hakikuwepo.

"Bomoa uone. Mkeo atakula matofali."

Siku hizo shangazi alikuja kutoka Musoma na kitabu alichopewa na masista waliokuwa wanahama. Kilikuwa cha Kiingereza, cha zamani sana, jalada lina nakshi za dhahabu. Ndani, vijitu vya ukubwa wa kidole vilikuwa vimekaa juu ya uyoga, na mabawa yanayopitisha mwanga. Bibi alinishikisha kitabu mlangoni, akatazama weee.

"Haya mabawa ya kumbikumbi kabisa. Kumbe hata Ulaya wapo! Ila wa kwao wamekonda, hawalagi ugali hawa?"

Akampelekea mwanawe pale kichuguuni. Baba mdogo akavaa miwani. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, lakini aliyafuata maandishi kwa kidole mpaka chini, akiitikia kwa kichwa.

"Kinasemaje?" bibi akauliza.

"Mambo mazito, mama."

Jembe likashuka begani bila kugusa kichuguu. Matofali akayafyatulia bondeni.

Chuo kikuu nilikuja kufundishwa kwamba wachoraji wale, wa enzi za malkia ambaye ziwa letu limebeba jina lake, waliazima mabawa ya kereng'ende na vipepeo wa bustanini. Mhadhiri aliuita huo ubunifu. Ya kwetu, kwenye mada iliyofuata, akayaita imani potofu. Nilicheka peke yangu.

Bibi hayupo tena. Juzi mdogo wangu alinipigia simu: anataka kusawazisha pale, ajenge vyumba vya kupangisha.

"Dada, wewe umesoma. Si udongo tu ule?"

Siamini kuna mtu mle. Lakini sijaona tena mahali ambapo ukoo mzima, na makelele yetu yale, unanyamaza kwa ajili ya uyoga.

"Ni udongo tu," nikamwambia. "Vyumba jenga upande wa pili."