Fundi Anayeng'ata Springi

"Dada Dufie, hivi fundi wako anakula chuma?" Serwaa, muuza ndizi za kuchoma, aliniuliza siku moja hapa Suame, mtaa wetu wa mafundi wa magari. "Chuma anakula, wali wangu haugusi," nilimjibu, tukacheka. Fundi huyo wa springi hufanya kazi mkabala na sufuria zangu. Kabla ya kufunga springi za nyuma, hung'ata ncha ya kila bapa la chuma, akaligonga kwa nyundo, akafumba macho. Lenye ufa hulitupa, hata kama jicho halioni kitu. Wenzake husema ni uganga. Mikono yake ina grisi mpaka viwikoni, na ukizungumza naye hukutazama mdomoni. Mimi nilidhani ni adabu.

Jumanne iliyopita fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikapu kuukuu ya mzee wetu wa kanisa, bapa mdomoni, lori likaanza kurudi nyuma kumwelekea, honi ikilia. "Wewe! Toka hapo!" tulipiga kelele sote. Hakugeuka. Nilimrukia nikamvuta kwa ukosi, na tairi likasimama pale pale magoti yake yalipokuwa. Yesu wangu! "Umeumia?" nilimuuliza kisogoni. Nikarudia kwa sauti kubwa. Akaendelea kupapasa chini akilitafuta bapa. Hasikii! Miaka tisa amekuwa akisikiliza mtetemo wa chuma kwa meno, nami niko hapa hapa. Alipogeuka akauona uso wangu, akajua nimejua. Akaliokota bapa lake, akalifuta vumbi kwa shati.

"Mama," alisema polepole, "usiwaambie. Wakijua, hakuna atakayeniletea gari."