Itoka za Kisiwani

Walipovuka jiwe la mwisho, Kulthum, mama yake Zahra, alishangaa kwamba Ruiru nayo ina kisiwa. Kilikuwa kipande cha nyasi tu, mto umekizunguka huku na huku, hakina nyumba wala njia. Alikuwa amehamia Gatongora juzijuzi kutoka Mombasa, na jirani yake Wakonyo, muuza maharagwe, alimwalika waje kwa miguu waione ploti ya kikundi chao cha akina mama. Lori la mawe ya kujengea lingefika ng'ambo ya mto saa nane.

"Ndicho hiki? Ng'ombe akigeuka, mkia u majini!"

"Wewe cheka tu, Mama Zahra. Muuzaji alituapia hii shamba haijawahi kuwa ya mtu."

Wakonyo akaanza kulima mahali pa msingi. Alipong'oa mche wa tatu alisimama ghafla, akauokota, akalitazama tunguu lake. Jembe likamponyoka.

"Ngai! Nimefanya nini?"

"Si majani tu hayo, mwenzangu?"

"Hii ni itoka! Wazee wetu walipanda hii kwa mpaka. Ukiing'oa, laana inafuata watoto wako. Hii shamba iko na mwenyewe!"

Alipiga magoti, akairudisha miche yote mitatu mchangani. Kisha akavua viatu, akaruka jiwe kwa jiwe kwenda kulizuia lori.

Kulthum alibaki. Alipotazama chini, aliuona mstari wa itoka umenyooka hadi ukingo wa pili, ukipita katikati ya miguu yake. Hakuthubutu kuinua unyayo.