Gitaa Alilolisema Vibaya Kaka

Kaka yangu alipopata kiharusi, upande uliolala ni wa kushoto, na waliokuja kumjulia hali walimshukuru Mungu kwa hilo. Mkono wa kulia ndio wa kula, walisema, ndio wa kusalimia na wa kushika jembe. Kaka aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, na nilijua anachofikiri kwa sababu nilikuwa nafikiri hicho hicho. Mpiga gitaa hutafuta wimbo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kazi yake ni kuuamsha tu.

Kaka ni mkulima wa pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, lakini watu wengi wa huku wanamjua kwa gitaa. Amesindikiza mabibi harusi wengi kuliko mapadri wengine. Alipiga Bariadi, akapiga Itilima, akapiga Maswa, popote palipokuwa na jenereta na mtu wa kumrudisha nyumbani. Sasa binti yake wa mwisho alikuwa amechumbiwa, ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika zizini, na sherehe ya kumuaga ilipangwa baada ya msimu wa pamba. Tangu akiwa mtoto baba yake alimwahidi kwamba siku hiyo hataingia ukumbini kwa muziki wa kwenye flashi kama mabinti wa watu wengine. Ataingia kwa gitaa la baba yake. Basi baada ya kiharusi kaka hakuomba kupona. Aliomba wimbo mmoja.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alitutia moyo kidogo. Vidole hukumbuka kazi vilizozoea, alisema, vipewe kazi hizo pole pole na visipewe mzigo. Gitaa la zamani la kaka lilikuwa mzigo hasa. Lilikaa miaka mingi chini ya bati, joto likaipinda shingo yake, nyuzi zikasimama mbali na ubao kama waya wa uzio. Hata mtu mwenye afya yake alikaza meno ili kuzibana. Nikasema nitamnunulia jingine.

Hapa inabidi nijieleze. Mimi ni mtu wa kusoma. Niliishi Dar es Salaam miaka mingi nikiandika makala ambazo watu walizisifu bila kuzimaliza, kisha nikarudi huku, nikapanga nyumba Binza, pale Maswa, ambako ninaendelea kuziandika. Kwenye gitaa ninajua kodi tatu, yaani namna tatu za kubana nyuzi, nilizojifunza chuo kikuu kwa nia isiyohusiana na muziki, na nia yenyewe haikufanikiwa. Lakini kwa ajili ya kaka nilikesha na simu nikitazama video za Wazungu wakilinganisha magitaa, hadi nikawa na maoni kuhusu aina za mbao, unene wa shingo na mlio unaokawia kufa. Nilimweleza kaka haya yote kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama Maswa mvua imenyesha. Haikuwa imenyesha.

Bariadi kuna duka moja linalouza spika, sola, vinanda vya kanisani na kila kitu chenye waya. Mwenye duka ni mama mmoja mpole, asiyemharakisha mteja. Tulimkuta ana magitaa mawili ya umeme ya bei ya kati, bei zikikaribiana kiasi kwamba hazikuweza kutuamulia lolote. Yote mawili yalikuwa ya umbo ambalo kaka amelipenda maisha yake yote: bega la juu zima, la chini limemegwa ili vidole vifike mwisho wa shingo. Nilianza kutunga mfano kuhusu mabega hayo na mabega ya kaka, nikauacha. Nimeshaandika mifano mibaya ya kutosha.

La kwanza lilikuwa na rangi ya asali inayokolea kuwa nyeusi pembeni. Lilikuwa nene, zito, limebinuka mbele kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ukigusa uzi, mlio wake ulikaa dukani kama mgeni asiyetaka kuaga. La pili lilikuwa jekundu, bapa, jembamba, na mlio wake ulikuwa mfupi na mkavu. Kwa kila kipimo nilichojifunza kwa Wazungu wangu, la asali lilikuwa gitaa na lile jekundu lilikuwa ubao wenye nyuzi.

Kaka alikaa juu ya spika kubwa, tukampakatisha moja baada ya jingine. La asali hakukaa nalo sana. Aliuinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka kwenye shingo ya gitaa, akaungoja kidogo, akautoa.

"Hili zito," alisema. "Shingo nene kama mpini wa shoka. Silitaki."

Lile jekundu alilishika muda mrefu zaidi. Kidole cha shahada kilibana uzi mmoja, na ukatoka mlio, mfupi, lakini ulikuwa mlio. Akasema hili jepesi, linamfaa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuniangalia, kama mtu anayetaja saa.

Nikatabasamu, kwa sababu niliona nimemwelewa.

Baba yetu alikuwa mtu wa ng'ombe, na katika minada yote aliyotupeleka tulipokuwa wadogo sikumbuki kumsikia akimsifu ng'ombe aliyekuwa anamtaka. Wanaume wa huku ndivyo walivyo. Mtu akilipenda dume la kulimia, atalizunguka akisema lina macho ya kukimbia, kwato mbaya, nundu kama ya ndama. Kisha atakwenda kumsifu ng'ombe mwingine kabisa, kwa sauti, mbele ya mwenye mali, na huku moyo umebaki kule nyuma. Ni kwa ajili ya bei, na pia ni kwa ajili ya jicho baya, maana kitu kilichosifiwa hadharani hakikai. Watoto wake tulijua: ukitaka kufahamu jioni tutarudi na dume gani, sikiliza lipi linatukanwa.

Nikiwa Dar es Salaam niliwahi kuambiwa, na jamaa wa huku huku, kwamba mimi si Msukuma tena, nimebaki na jina tu. Lilinikaa rohoni. Kwa hiyo pale dukani, kaka alipoliponda gitaa zuri na kulisifu baya mbele ya muuzaji, nilijiona nimerudi nyumbani kweli kweli. Nilimshika mkono, nikamtoa nje, nikamkalisha kivulini na soda, nikarudi ndani peke yangu. Mama mwenye duka aliponyoosha mkono kulichukua lile jekundu nilimwambia hapana, tunachukua lile jingine. Aliniangalia kidogo. Nikamkonyeza. Ninaona aibu zaidi kwa kule kukonyeza kuliko kwa mengine yote.

Gitaa tulilifungua nyumbani kwa kaka, sebuleni, mkewe na binti yake wakiwa wamesimama mlangoni. Kaka alilitazama kwa muda.

"Umenunua hili," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Akasema asante, akapitisha mkono wa kulia juu yake pole pole, kutoka begani hadi chini, kama mtu anavyopapasa mgongo wa ng'ombe. Nikachukua hilo pia kuwa ushahidi.

Nilikuwa ninakwenda kumwona kila Jumamosi. Mara ya kwanza nililikuta gitaa limelala kitandani, yeye amekaa kwenye kiti akilitazama. Mara nyingine nilimkuta mkono wa kushoto ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, na mkewe akaniambia kwamba alikuwa amejaribu kusimama nalo. Mkanda wa gitaa hukaa bega la kushoto. Hili lipo kwenye kila video niliyotazama, kila Mzungu amelivaa hivyo mbele ya macho yangu, na sikuliona. Uzito wote ulikuwa umening'inia kwenye bega lililolala. Na shingo ile nene, kidole gumba hakikuizunguka, basi vidole vingine havikuwa na cha kuegemea.

Mimi nikafanya kile ninachojua kufanya, nikatoa maelezo. Nikamwambia tatizo ni nyuzi. Nikaleta nyuzi nyembamba zaidi, nikazifunga mwenyewe kwa muda mrefu sana huku nikitokwa jasho, na mmoja ukakatika ukanichoma kidole. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani, na kila nilipopita barabarani niliona watu wameinama kuichuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani mavuno yachelewe.

Jumamosi moja nilimuuliza kama nyuzi zile zimesaidia. Akasema, kwa ule mdomo wake unaosema nusu na kuacha nusu, "Nilikuambia zito, mdogo wangu."

Nikamweleza. Nilidhani anasema kwa namna ya mnadani. Nilidhani analitaka, ndiyo maana analiponda. Nilimkumbusha baba, na lile dume la macho ya kukimbia.

Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Kicheko kilitokea upande mmoja wa uso, upande mwingine ukabaki umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari ya msiba. Mkewe akaja kuangalia kuna nini. Kaka akajifuta jicho.

"Msomi wetu," alisema. "Mnadani mtu hudanganya akiwa na mikono miwili."

Siku hiyo hiyo nilikwenda dukani. Mama mwenye duka alinikumbuka. Alisema alishangaa, kwa sababu mzee alikuwa amelitaka lile jekundu wazi wazi, lakini alidhani sisi ndugu tumeelewana wenyewe huko nje. Lile jekundu lilikuwa limenunuliwa na kwaya moja ya Mkula. Jingine kama lile angeweza kuniagizia, ila lisingewahi sherehe. Nikaomba namba ya mwenyekiti wa kwaya, nikampigia nikiwa nimesimama hapo hapo, nikamweleza kila kitu, hata yale ya mnadani, na nikaahidi kumpa gitaa letu zuri badala ya lao. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole na akatuma pole kwa mgonjwa. Kisha akasema kwamba gitaa lao limeshawekwa wakfu. Lilitolewa mbele ya madhabahu Jumapili iliyopita, likaombewa na mchungaji, na kitu kilichoombewa hakiwezi kubadilishwa kwa kingine. Nilitaka kubishana naye. Ninayo shahada, ningeweza kubishana. Nikamshukuru, nikakata simu.

Kaka aliendelea kujaribu, nafikiri zaidi kwa ajili yangu. Baadaye aliacha. Mazoezi ya gitaa yakaisha pale sebuleni, na gitaa likaingia chumbani nyuma ya marobota ya pamba.

Siku ya kumuaga binti ilifika na jua kali na vumbi. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau. Binti aliingia kwa muziki wa kwenye flashi, wimbo ambao kila binti wa Bariadi ameingia nao mwaka huu, na aliingia vizuri, akitabasamu, bila kuangalia meza ya wazazi hata mara moja. Kaka alikuwa ameagiza asubuhi gitaa liletwe. Liliwekwa kwenye kiti kando yake, likaegemezwa vizuri, rangi yake ya asali ikimetameta kwenye taa. Mshereheshaji alidhani ni sehemu ya mapambo. Alitania kwamba mzee amekuja na mke wa pili, watu wakacheka, na kaka akapunga mkono wa kulia.

Hakukuwa na waya. Hakuna aliyeleta amplifaya, na kaka hakuulizia.

Ulipofika wakati wa keki, binti alikuja kuwalisha wazazi wake. Alimlisha mama, kisha akapiga magoti mbele ya baba na kumlisha kipande kidogo, akamfuta pembe ya mdomo kwa kidole ili watu wasione. Spika zilikuwa zinanguruma. Kaka aliunyoosha mkono wa kulia kuelekea kwenye kiti cha gitaa, akagusa uzi wa besi, ule mnene.

Gitaa la umeme lisilo na umeme halina sauti ya kumfikia mtu. Linasikika kwa aliye karibu kabisa, kama mtu anayeguna. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na nililisikia kidogo, ama niliona uzi ukitetemeka nikajidai nimelisikia. Binti alibaki amepiga magoti, ameinamisha kichwa upande wa gitaa, sahani ya keki mkononi. Mshereheshaji alimwita kwa jina, akamwita tena, akauliza kwenye maikrofoni bibi harusi mtarajiwa amepatwa na nini. Yeye hakuinuka. Ni gitaa zuri lile, mlio wake unakawia, na alikaa pale hadi ulipokwisha.