Milimita za Mjerumani, inchi za Mwingereza: injini ya mvuke tuliyomtengenezea baba

Wakuu, heshima mbele. Nimevuka tisini, mjukuu ndiye anabonyeza simu. Nisemayo ni kweli tupu, anayebisha abishe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi karakana ya shamba la mkonge, Kibaha. Kaka yangu Hamisi alibaki Kisarawe na baba.

Baba alikuwa mchochea moto wa treni tangu kwa Mjerumani. Macho yalipozima, akaacha hata kuongea. Anakula, anaswali, basi.

Iliniuma sana.

Hamisi akasema, "Tumtengenezee injini ndogo ya mvuke, aisikie. Wewe boila, mimi mashine."

Miezi mitatu wakuu! Boila ya shaba, ukubwa wa birika. (Siku hizi mngeagiza mtandaoni. Haya.)

Nikaipakia kwenye baiskeli hadi Kisarawe. Kuunganisha sasa: bomba la Hamisi, lenye meno kama ya skrubu, likaingia kwenye tundu la boila mizunguko mitatu, likagoma. Mimi mbishi, nikalazimisha kwa spana. Palipocheza tukazungushia katani na rangi, dawa ya kila kitu kule shambani.

Tukamkalisha baba barazani. Moto ukawaka, mvuke ukapanda...

Ssssss! Wote ukatokea kwenye kiungo. Gurudumu halikusogea. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akainua kichwa. "Zimeni moto! Nani kamwozesha Mjerumani kwa Mwingereza?"

Tukaulizana tulivyokata. Hamisi alikata meno ya bomba kwa vifaa vya baba vya tangu Mjerumani, vya milimita. Mimi nilikata ya boila kwa vifaa vya karakana, vya inchi. Kwa macho ni mapacha.

"Baba, umejuaje?"

"Mwanangu, ndoa hiyo nimeisikia ikivunjika miaka na miaka, tangu Mwingereza arithi treni za Mjerumani."

Akaagiza kipande cha kati: upande mmoja milimita, mwingine inchi. Nikarudi Kibaha kuchukua vifaa. Kesho yake baba alikagua kila jino kwa ukucha, akitukaripia tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Raha niliyoipata kwa kukaripiwa!

Alasiri gurudumu likazunguka. Baba akacheka mpaka akatoka machozi, nasi tukalia naye.

Funzo: kabla hamjagawana kazi, ulizaneni vipimo. Na kitu kikigoma, usikilazimishe.

Mafundi mliomo humu, yaliwahi kuwakuta? Mwageni hapa, mjukuu atanisomea.

Injini yenyewe ilikufa baada ya wiki. Baba aliongea mpaka siku anafariki.